Choroko za Simiyu zipite kwanza jikoni

Msimu wa mavuno ukiwadia, njia za vumbi za Ipililo, wilayani Maswa, hujaa baiskeli, pikipiki na mikokoteni ya ng'ombe iliyolemewa na magunia. Kama si pamba ni choroko, kama si choroko ni dengu. Mzigo wa choroko na dengu unapimwa kwenye ghala la chama cha msingi, unaingia mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, malori yanaupakia, na sehemu kubwa huvuka bahari kwenda India. Jioni, katika nyumba nyingi zilizotoa magunia hayo, ugali unaliwa na mlenda mtupu. Naye aliyelipwa vizuri, akipita mjini, anajipongeza kwa kilo moja ya nyama.

Wakati huohuo, mjadala mkubwa wa chakula duniani umeelekea upande ambao Simiyu ingepaswa kuwa mwalimu. Januari 2019, jopo la wanasayansi waliochapisha ripoti ya EAT-Lancet walipendekeza mlo ambao sehemu yake kubwa inatoka shambani: gramu 75 za jamii ya kunde kwa siku, gramu 300 za mboga, gramu 200 za matunda, karanga na mbegu, na nyama nyekundu isiyozidi wastani wa gramu 14 kwa siku, yaani karibu gramu 100 kwa wiki. Miaka mitatu na kidogo kabla yake, Oktoba 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeziweka soseji na nyama nyingine za viwandani kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaisababisha.

Msomaji wa Bariadi, Maswa au Meatu akisikia habari hizo anaweza kudhani ni mambo ya Wazungu walioshiba. Mimi naona ni mambo yetu kabisa, ila yanatakiwa kusemwa kwa namna yetu. Kuhamia mlo wa mimea hapa hakuhitaji maziwa ya soya ya dukani wala nyama bandia ya kwenye pakiti. Kunahitaji tukipe kile tunachokivuna wenyewe nafasi kwenye chungu chetu, kidogo kidogo, mpaka kiwe kawaida.

Watu wawili, sahani mbili

Kwa Msukuma, ng'ombe ni benki. Ndiye mahari ya kijana, ndiye anayekokota plau, ndiye anayetoa samadi, na maziwa yake yamekuza vizazi. Hachinjwi hovyo. Mzee mwenye zizi kubwa anaweza kumaliza mwezi mzima bila kuonja nyama, na hajioni maskini kwa hilo. Ng'ombe huanguka siku ya harusi, msiba au sherehe nzito. Mgeni wa kawaida hupewa kuku. Siku nyingine zote, mlo wa Usukuma umekuwa ugali wa mtama, wa muhogo au wa mahindi, pamoja na majani: mgagani, majani ya kunde, matembele, mlenda. Juu yake kuna viazi vitamu, vibichi kwa msimu wake, na vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, wakati wa kiangazi.

Mjini hali ni nyingine. Asubuhi ni supu na chapati, mchana wali nyama, jioni chipsi kuku au mishikaki, na siku ya mnada nyama choma juu ya sinia, kachumbari pembeni. Aliyepata ajira au biashara yake kukubali hupima maendeleo kwa idadi ya siku anazokula nyama. Nyumbani kwake choroko hupikwa mwisho wa mwezi, mfuko ukiwa umekauka, na watoto wanajifunza kwamba choroko ni dalili ya shida.

Kwa hiyo ukisema "tupunguze nyama" mkoani Simiyu, unazungumza na watu wawili. Wa kwanza ni huyu wa mjini, ambaye kweli anahitaji kupunguza. Wa pili ni ndugu yake wa kijijini, ambaye nyama haipo ya kupunguza. Huyo anahitaji sahani ijae zaidi, na itajazwa vizuri na jamii ya kunde, karanga, mboga na matunda. Dawa yao inapatikana shamba moja. Anayewapa wote wawili ushauri uleule bila kuwatofautisha anakosea, na kosa hilo linaweza kumuumiza mtoto.

Alichokiona daktari wa Mulago

Tofauti hiyo si ngeni kwa Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi Kenya na Uganda, alishuhudia pande zote mbili. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, magonjwa ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu kwa Waafrika kiasi kwamba mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya kitaalamu juu ya mgonjwa mmoja tu. Rafiki yake, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda kati ya 1946 na 1966, naye alivutiwa na jinsi maradhi ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalivyokuwa machache kwa watu waliokula viazi, ndizi, maharage na nafaka zisizokobolewa. Mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi yanayofuatana navyo. Hoja kwamba nyuzinyuzi za chakula zinalinda mwili, ambayo leo inafundishwa dunia nzima, kwa kiasi kikubwa ilianzia katika wodi za Afrika Mashariki.

Lakini Trowell huyohuyo ndiye aliyeshirikiana na wenzake kuandika, mwaka 1954, kitabu juu ya kwashakoo, maradhi ya watoto waliovimba miguu na kubadilika rangi ya nywele baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa wanga mtupu. Somo lake lina sehemu mbili, na hatuna ruhusa ya kuchukua moja na kuacha nyingine. Mimea inamlinda mtu mzima. Wanga peke yake, bila kunde, bila karanga, bila maziwa wala dagaa, unamdhoofisha mtoto. Uji wa mahindi na ugali kwa mlenda ni mlo wa mimea pia, ila ni mlo wa mimea ulio nusu.

Karibu miaka 70 baada ya Mulago, ushahidi mpya umetoka hapahapa Tanzania. Watafiti wa Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua vijana wa kiume 77 wenye afya njema. Baadhi ya waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, kama kiburu, makande na mboga za majani, walipewa kwa wiki 2 chakula cha kimagharibi: soseji, mkate mweupe, chipsi. Baadhi ya waliozoea vya mjini wakapewa vya asili. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Damu ya waliohamia vyakula vya kisasa ilionyesha uvimbe wa ndani kuongezeka na kinga kulegea. Ya waliorudi kwenye vyakula vya asili ilionyesha uvimbe huo kupungua. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye.

Wiki 2 tu. Sasa fikiria miaka 20 ya supu ya asubuhi na chipsi za jioni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza, uliochukua watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 ana shinikizo la juu la damu, na 9 kati ya 100 wana kisukari. Zaidi ya 95 kati ya 100 hawakuwa wakifikisha kiwango cha mboga na matunda kinachoshauriwa kwa siku. Haya yametokea katika nchi ambayo matembele yanaota nyuma ya nyumba.

Tunachouza na tunachokula

Choroko ni zao la mtu mwenye haraka. Zikipata mvua kiasi, hukomaa kwa miezi miwili na kidogo. Dengu zina subira yake: hupandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikiwa zinaishia, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini, mahali ambapo mazao mengine yangekauka. Zote mbili huirudishia ardhi naitrojeni kupitia vijidudu wanaoishi kwenye vifundo vya mizizi yake. Kwa eneo lenye mvua za kubahatisha kama Usukuma wa mashariki, hii ni neema.

Ila neema hiyo tumeifanya bidhaa ya kuuza tu. Agosti 2017, serikali ya India ilipoweka ukomo wa kuingiza mbaazi na choroko, bei katika vijiji vya Tanzania ilianguka, na wakulima wakabaki na magunia wasiyojua wayapeleke wapi. Msimu ule ulipaswa kutufundisha kwamba zao ambalo mwenye nalo halili lina mlango mmoja tu wa kutokea. Mlango ukifungwa, limekwama. Watu wa Simiyu, ambao kwa sensa ya 2022 ni zaidi ya milioni 2, ni soko tosha kama tungekubali kuwa wateja wa mashamba yetu wenyewe.

Na hesabu inakubali. Chukua gunia moja la kilo 100. Ukipika nusu kilo kila mara kwa familia ya watu sita, gunia hilo linapikwa mara 200, yaani karibu mara nne kila wiki kwa mwaka mzima. Katika gramu 100 za choroko kavu mna gramu zipatazo 24 za protini. Za karanga, kama 26. Za dengu, kama 20, kiasi kinachokaribiana na cha nyama mbichi ya ng'ombe. Choroko zikiiva hunywa maji mengi, hivyo mtu apakuliwe za kutosha, si kijiko kimoja cha kupambia ugali. Zikiliwa pamoja na nafaka, protini za kunde na za nafaka hukamilishana: ambacho ugali umepungukiwa nacho, choroko zinacho.

Kuna faida nyingine ambayo mama wa Ipililo anaijua kuliko mtaalamu yeyote, nayo ni kuni. Maeneo mengi ya Usukuma yalifyekwa miti kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 katika Shinyanga ya wakati ule ambayo ndani yake zilikuwamo Maswa, Bariadi na Meatu, ukasaidia wananchi kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa. Bado kuni ni za kutafuta. Maharage makavu yanakula mzigo. Choroko huiva upesi hata bila kulowekwa. Dengu ni ngumu zaidi, lakini zikilala kwenye maji usiku kucha zinalainika.

Jikoni

Ladha ndiyo inayoamua mambo. Mwanaume aliyewekewa bakuli la choroko zilizochemshwa kwa maji na chumvi ana haki ya kuuliza, "Mama watoto, mboga iko wapi leo?" Kosa si la choroko. Zipepete, zichambue mawe, zioshe, zichemshe mpaka zianze kupasuka. Pembeni kaanga kitunguu katika mafuta ya alizeti mpaka kiwe kahawia, tia kitunguu saumu, nyanya zilizoiva ziive hadi zitoe mafuta, kisha mimina choroko pamoja na maji yake kidogo. Sasa chukua karanga zilizokaangwa na kutwangwa, zikoroge kwenye maji ya uvuguvugu, umimine huku ukikoroga ili zisishike chini. Punguza moto. Mchuzi ukianza kuwa mzito na kutoa vitone vya mafuta juu, epua. Hiyo ni mboga ya kumwekea mkwe.

Mikono hiyohiyo inayopika choroko inajua kuhifadhi. Majani ya kunde yanayochumwa wakati wa mvua, yakakaushwa na kuwekwa, ndiyo nsansa inayopikwa kwa karanga wakati wa kiangazi, mbuga zikiwa zimepasuka na bustani zimekauka. Mgagani unachemshwa kupunguza uchungu, kisha unatiwa maziwa au karanga. Ukikausha majani, yakaushe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaunguza vitamini A. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vinavyohimizwa na watafiti wa kilimo Kanda ya Ziwa, vina vitamini hiyo kwa wingi kuliko viazi vyeupe.

Wanaotaka mfano wa jirani watazame Ethiopia. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la huko hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, na kwa muda mrefu kabla ya Pasaka. Mchuzi wao mashuhuri wa siku hizo, shiro, hupikwa kwa unga wa dengu na viungo, na watu huutamani hata siku zisizo za mfungo. Sisi unga wa dengu tunaujua kwenye badia za pwani. Hakuna kinachozuia kinu cha kijijini Simiyu kusaga dengu kwa ajili ya mchuzi wa nyumbani.

Hatua kwa hatua

Mtu asiache nyama ghafla Jumatatu akairudia kwa hasira Ijumaa. Mwenye kuila kila siku aanze na siku mbili kwa wiki bila nyama, azichague mwenyewe na familia izijue. Zikizoeleka, ziwe tatu. Siku za nyama zinazobaki, abadilishe kipimo: robo kilo ya nyama ndani ya sufuria ya dengu au maharage inalisha watu waliokuwa wanamaliza kilo nzima, na mchuzi unabaki na ladha yake. Soseji na nyama za makopo ziwe za kwanza kuondoka.

Kisha atazame ugali wenyewe. Dona na unga wa mtama vinabaki na nyuzinyuzi na virutubisho ambavyo sembe nyeupe imeviacha kwenye pumba. Matunda ya msimu, maembe, mapapai, mapera, yaliwe nyumbani, yasiwe ya watoto kuokota njiani tu. Na tusijidanganye: chipsi, maandazi na soda havina nyama ndani yake, lakini anayejaza sahani kwa mafuta, chumvi na sukari hajaisaidia afya yake kwa kuacha nyama.

Kwa mkulima, hatua ya kwanza hufanyika kabla ya mizani. Familia ikae, baba na mama wapange pamoja, gunia la nyumbani litengwe na kuhifadhiwa lisitobolewe na wadudu, ndipo mengine yapelekwe ghalani. Kwenye nyumba nyingi fedha za mauzo humilikiwa na baba ilhali chungu ni cha mama. Uamuzi huu ukifanywa na mmoja peke yake, gunia litauzwa Januari ada zikidaiwa.

Wasioguswa

Narudi kwa mtoto wa kwashakoo, kwa sababu wapo watakaosoma makala haya wakaanza kwa kumnyima maziwa. Hapana. Vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haipatikani kwenye mimea ya kawaida. Inatoka kwenye maziwa, mayai, samaki na nyama. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya wanawake 40 kati ya 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mtoto mdogo, mjamzito na anayenyonyesha waendelee kupata maziwa, yai, dagaa wa ziwani, na nyama au maini inapowezekana. Kama nyumba ina kipande kimoja cha nyama, kipande hicho si cha baba.

Madini ya chuma yaliyo kwenye choroko na mboga hufyonzwa vizuri zaidi mlo ukiwa na kitu kichachu: limao, embe, juisi ya ukwaju ambao umejaa huku kwetu. Chai ya rangi mara baada ya kula hufanya kinyume chake, kwa hiyo isubiri saa moja au mbili.

Nchi hii iliwahi kuamini kwamba chakula ni jambo la kujifunza kwa pamoja. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 kampeni ya "Chakula ni Uhai" ikakusanya watu wazima vijijini kuzunguka redio na vitabu vyao wakijadili wanachokula. Leo tunao mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji uliotolewa mwaka 2023, unaotambua kunde, karanga na mbegu kama kundi linalojitegemea. Mwongozo huo unastahili kutoka ofisini na kufika kwenye mikutano ya vyama vya msingi, pale ambapo wenye choroko wanakusanyika. Unastahili pia kufika shuleni: wazazi wa Ipililo wanaochangia mahindi ya chakula cha wanafunzi waombwe na debe la choroko, na makande yatakuwa na kitu cha kumjenga mtoto.

Anayeishi mjini aanze na siku mbili wiki hii. Anayelima aanze na gunia moja msimu huu. Haya si mageuzi ya kusubiri mradi wala mfadhili, kwa kuwa mbegu ni yetu, ardhi ni yetu, na mapishi tunayo. Kinachodaiwa kwetu ni kuacha kuionea haya choroko, na kumwekea mgeni wetu bila kuomba radhi.